Mtunzi wa Riwaya Hufundwa

Iko kauli iliyokaa vinywani mwa watu wetu hata ikadhaniwa kuwa ni hekima: kwamba mtunzi huzaliwa, hafundishwi. Sisi twaikataa. Hapana seremala aliyezaliwa na randa mkononi, wala nahodha aliyezijua pepo kabla ya kupanda chombo. Iweje basi mtunzi wa riwaya peke yake aachwe ajifunze kwa kubahatisha?

Sisi washairi hatukulelewa hivyo. Kijana aliyetaka kutunga alimwendea malenga na beti zake. Zikapimwa vina na mizani, akarudishiwa akazitengeneze. Riwaya ni ngeni zaidi katika lugha yetu, na kwa hiyo ilihitaji malezi zaidi, si pungufu.

Na tumtazame Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Ilizusha kelele, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikasomeshwa. Mwandishi hakubweteka kwa sifa wala hakunywea kwa lawama. Alitoa Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979; kisha kwa Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, akauvunja usimulizi ule ule alioanza nao. Hiyo ni miaka ishirini ya kujisahihisha. Mtu huyu alisomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye Botswana. Aliyefunza wengine hakuacha kujifunza. Hata wale wa vina na mizani waliomkasirikia kwa mashairi huru ya Kichomi, mwaka 1974, wakiri jambo moja: aliiacha njia ya zamani kwa kukusudia, si kwa kupotea.

Shuleni mwetu hali ikoje? Mwanafunzi hufundishwa kutaja dhamira, wahusika na mandhari. Huipasua riwaya kama chura wa maabara. Lakini aweza kumaliza kidato cha sita asiwe ametunga hata sura moja iliyosomwa na mwalimu, ikakosolewa, ikaandikwa upya. Tunalea wapima nyumba; waashi watatoka wapi?

Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Twaipongeza kwa moyo mmoja. Chanda chema huvikwa pete. Lakini chanda hakiwi chema kwa kuvikwa pete. Tuzo ni mavuno, na mavuno hayatangulii jembe.

Wako watakaosema kwamba mafunzo yatatuzalia watunzi wa sare moja, kama matofali ya kalibu moja. Hofu hiyo ina msingi pale mwalimu anapogawa kanuni kama mpishi agawaye vipimo vya chumvi. Mlezi wa kweli hafanyi hivyo. Yeye huuliza: mhusika huyu asema haya kwa nini? Nani ayaonaye mambo haya? Sentensi hii ikiondolewa, kitapungua nini? Maswali hayo hayamfanyi kijana afanane na mwalimu wake; humlazimisha afanane na nafsi yake.

Ndugu walimu, hatuwaombi majengo wala mafungu ya fedha. Twawaomba saa moja kwa juma, daftari moja kwa kila kijana, na ukali wenye mapenzi. Nanyi wanafunzi, msione haya kuandika ukurasa mara ya tano. Na wahariri, mnaporudisha mswada, mwambieni mwenyewe ulipolegea. Kumrudishia kimya ni kumfungia mlango gizani.

Taifa lisilowafunda watunzi wake litasimuliwa na wengine. Samaki mkunje angali mbichi.