Ndoa Haileti Makaratasi

Mtu anapofunga ndoa na raia wa Marekani au Uingereza, ndugu na majirani huhesabu hapo hapo kwamba makaratasi yamepatikana. Harusi ikifungwa Arusha leo, watu huanza kuulizia tarehe ya safari. Mwaka ukipita bila safari, lawama humwangukia mwenzi aliyebaki: labda ameficha jambo, labda hapendwi. Imani hii imeenea Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na pia miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Dubai na Muscat. Ni imani potofu. Ndoa humpa mwenzi wa kigeni nafasi ya kuombewa, basi. Anayepimwa kwanza ni mdhamini wake, na mdhamini anayeishi nje ya nchi yake ndiye anayebanwa zaidi.

Imani yenyewe ina asili. Palikuwa na wakati ambapo ilikuwa sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1855 ilimfanya mwanamke mgeni aliyeolewa na raia kuwa raia kwa ndoa hiyo tu, ilimradi rangi yake haikumzuia chini ya sheria za uraia za wakati ule. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1922. Uingereza nayo ilimhesabu mke wa Mwingereza kuwa raia wake hadi Sheria ya Uraia ya mwaka 1948 ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949. Msingi wa sheria hizo haukuwa huruma kwa wapendanao. Mke alihesabiwa kuwa mfuasi wa mume, hivyo hakuwa na uraia wake mwenyewe wa kuulizwa. Mume mgeni aliyeoa raia hakupata chochote. Wanaoamini leo kwamba ndoa huleta uraia wanaitegemea sheria iliyokufa kabla wengi wa wazazi wao hawajazaliwa.

Hata sheria za nyumbani zinaikanusha imani hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgeni kuomba kusajiliwa kuwa raia baada ya kukaa katika ndoa na Mkenya kwa miaka isiyopungua 7. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamfungulia mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia, lakini mume mgeni wa mwanamke Mtanzania haikumwekea njia kama hiyo. Anayedhani Washington hugawa uraia kwenye karamu ya harusi na ajiulize kwa nini Dodoma na Nairobi hazifanyi hivyo.

Kinachofanyika Marekani ni hiki. Raia hujaza fomu I-130 kuomba atambuliwe kuwa ana mwenzi wa kigeni. Tangu Aprili 2024 ada ya fomu hiyo imekuwa dola 675 kwa karatasi na dola 625 kwa njia ya mtandao. Ombi likikubaliwa, serikali inakuwa imekiri tu kwamba ndoa ipo na inaonekana kuwa ya kweli. Bado haijatoa viza. Faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, ambako hudaiwa ada nyingine, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati za polisi za tabia njema na ushahidi wa fedha za mdhamini. Baada ya hapo huja uchunguzi wa afya na usaili ubalozini. Mwenzi wa raia hapangiwi foleni ya mgawo wa viza wa kila mwaka. Mwenzi wa mtu mwenye grini kadi hupangiwa, na tofauti hiyo huwashangaza wengi waliodhani kila anayeishi Marekani anaweza kumchukua mkewe kwa mwendo uleule.

Zamani Mmarekani aliyeishi ughaibuni aliweza kupata njia ya mkato. Ofisi za uhamiaji za Marekani zilizoko nchi za nje zilipokea fomu hiyo mkono kwa mkono na kumaliza kazi haraka. Tangu tarehe 1 Februari 2020 ofisi hizo haziipokei tena. Balozi huweza kuipokea kwa dharura maalumu tu. Mmarekani anayeishi Moshi na mkewe Mtanzania hupeleka ombi lake Marekani sawasawa na yule anayeishi Ohio.

Kikwazo kikubwa kwa mdhamini huyo, hata hivyo, ni makazi. Sheria inamtaka kila anayesaini hati ya udhamini, fomu I-864, awe na makazi yake ya msingi Marekani. Kuwa raia hakutoshi. Aliyetumwa nje kwa muda na serikali ya Marekani, kampuni ya Kimarekani, taasisi ya utafiti inayotambuliwa au ujumbe wa dini huweza kuhesabiwa kuwa bado anaishi kwao. Aliyehamia kwa hiari yake hana kinga hiyo. Mwenye nyumba ya wageni Paje, mwalimu aliyeajiriwa na shule ya Nairobi na mstaafu aliyejenga Bagamoyo wote wanatakiwa waoneshe kwamba wameanza kurudi kwa vitendo: wametafuta nyumba au kazi, wamefungua akaunti, wamewaandikisha watoto shule. Tena mdhamini lazima aingie Marekani kabla ya mwenzi wake au pamoja naye. Mwenye nia ya kumpatia mkewe grini kadi huku yeye akibaki Paje na wageni wake hana udhamini wa kutoa.

Hapa ndipo watu hukimbilia kwa mjomba au rafiki aliyeko Texas awe mdhamini mwenza. Mdhamini mwenza anaruhusiwa, lakini huziba pengo la kipato tu. Pengo la makazi haliwezi kuzibwa na mtu mwingine. Mwombaji wa kwanza asiye na makazi Marekani huangusha ombi zima, hata mjomba awe tajiri kiasi gani.

Kipato nacho kina masharti yanayomwelemea anayeishi nje. Mdhamini anapaswa kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka. Kwa kaya ya watu 2 mwaka 2025 asilimia hiyo 125 ilikuwa takribani dola 26,437. Si fedha nyingi kwa Mmarekani mwenye kazi ya kudumu. Lakini mshahara wa Nairobi au faida ya nyumba ya wageni huhesabiwa tu ikiwa utaendelea kulipwa kutoka chanzo kilekile baada ya kuhama, na mara nyingi hauendelei. Akiba au mali zinaweza kufidia, ila kwa mwenzi wa raia zinatakiwa ziwe mara 3 ya kiasi kinachopungua. Anayepungukiwa dola 10,000 za kipato aoneshe dola 30,000 za mali. Juu ya hayo, mdhamini huambatisha taarifa yake ya kodi ya mwaka wa karibuni. Marekani huwadai raia wake taarifa za kodi popote waishipo, na wengi wa wanaoishi Afrika Mashariki huamini kwamba kodi ya nchi ya ugenini inatosha. Hugundua kosa hilo faili likiwa tayari limekwama.

Saini ya I-864 nayo si ya kumfurahisha mkwe. Ni mkataba na serikali, na mwenzi aliyedhaminiwa anaweza kuudai mahakamani. Unakoma mwenzi huyo anapopata uraia, anapohesabiwa robo mwaka 40 za kazi, anapoondoka Marekani moja kwa moja au mmoja wao anapofariki. Talaka haiukomeshi. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliamua kwamba mdhamini hawezi kukwepa deni hilo kwa hoja kuwa mtalaka wake hakujitahidi kutafuta kazi. Mdhamini anayesita kusaini huenda amesoma alichopewa. Kusita huko si lazima kuwe upungufu wa mapenzi.

Hata masharti yote yakitimia, neno la mwisho ni la afisa wa ubalozi. Katika kesi ya Muñoz, mwanamke raia wa Marekani alidai kwamba serikali ilivunja haki yake kwa kumnyima viza mumewe, raia wa El Salvador, aliyekwenda San Salvador kwa usaili mwaka 2015. Walikuwa wameoana tangu mwaka 2010. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya kutaka mwenzi wake mgeni aingizwe nchini. Hukumu hiyo ingepaswa kusomwa kwenye kila kikao cha harusi kinachochangisha fedha za kumsindikiza bibi harusi "kwao mumewe".

Imani ikishindwa kutimia, huzaa njia ya mkato. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mwenzi aombe viza ya utalii, aingie, kisha "mambo yatajipanga". Ushauri huo ni hatari. Mwombaji wa viza ya utalii huchukuliwa kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na ombi la I-130 lililokwisha kuwasilishwa ni ushahidi dhidi yake. Akimdanganya afisa kuhusu nia yake, anaweza kufungiwa maisha. Akiingia na kupitiliza muda kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka, hufungiwa miaka 3. Akipitiliza mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Misamaha ipo, lakini ni ghali na haina uhakika.

Wanaosema kwamba ukali huu ni wa Marekani peke yake wanakosea pia. Uingereza iliweka kiwango cha kipato cha pauni 18,600 mwaka 2012, na tangu tarehe 11 Aprili 2024 waombaji wapya wanatakiwa pauni 29,000. Mwingereza anayeishi Kenya hatakiwi kuonesha mshahara wa Kenya pekee. Sharti awe pia na kazi iliyothibitishwa Uingereza, inayoanza ndani ya miezi 3 tangu arudi. Mshahara anaoupata mwenzi Mkenya huko kwao hauhesabiwi. Kanada haiwawekei wanandoa wengi kiwango cha kipato, lakini mkazi wa kudumu anayeishi nje ya Kanada haruhusiwi kabisa kumdhamini mwenzi, na raia anayeishi nje lazima aoneshe kwamba watahamia Kanada pamoja. Ujerumani, tangu mwaka 2007, kwa kawaida humtaka mwenzi anayetoka nchi kama Tanzania afaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza.

Mahali ambapo imani hii inaukaribia ukweli ni Umoja wa Ulaya, tena kwa namna ya ajabu. Mfaransa anayeishi na kufanya kazi Ubelgiji hulindwa na sheria ya Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu uhuru wa kuhama, na mwenzi wake Mkongo hupata haki kupitia uhuru huo. Akiwa kwao Ufaransa hajawahi kuhama, sheria hiyo haimhusu. Na hata huko Ubelgiji mwenzi hapewi uraia siku ya harusi.

Hujibiwa kwamba fulani aliolewa na baada ya miezi michache akaondoka. Ni kweli, wapo. Ukichunguza, mara nyingi mdhamini wa fulani alikuwa akiishi na kufanya kazi Marekani, taarifa zake za kodi zikiwa kamili. Yeye alitimiza masharti. Hakuthibitisha kwamba masharti hayapo. Na safari yenyewe si mwisho. Mwenzi anayeingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka 2 hupewa grini kadi ya masharti ya miaka 2, kwa sheria ya mwaka 1986 iliyotungwa kuzuia ndoa za makaratasi. Ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, wanandoa huomba masharti yaondolewe. Uraia huweza kuombwa baada ya miaka 3 ya ukazi wa kudumu kwa anayeishi na mwenzi wake raia, na baada ya miaka 5 kwa wengine.

Madhara makubwa ya imani hii hutokea ndani ya ndoa. Mwenzi anayeamini kwamba raia "ndiye makaratasi" huvumilia vipigo na vitisho vya kurudishwa kwao. Hajui kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inamruhusu mwenzi wa raia aliyeteswa ajiombee mwenyewe bila saini ya mtesaji, wala kwamba mwenye kadi ya masharti anaweza kuomba peke yake yaondolewe kwa sababu hiyohiyo. Mawakala nao hulipwa kuharakisha mambo wasiyo na mamlaka nayo. Familia huuza shamba kugharimia safari ambayo mdhamini hakuwahi kuwa na uwezo wa kuidhamini.

Mambo ya kuuliza kabla ya ndoa ya namna hii yanajulikana, na hayana aibu: mdhamini anaishi wapi kisheria, amewasilisha taarifa za kodi, kipato chake kitaendelea akihama, na kweli yuko tayari kurudi kwao? Asiyeweza kuyajibu anaweza kuwa mume au mke mwema, na ndoa yake inaweza kudumu Arusha au Mombasa kwa raha zote. Kumpeleka mwenzi wake Marekani ni jambo jingine, na cheti cha ndoa peke yake hakitamsaidia.