Mzee Ni wa Watoto Wote



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, swali ambalo halikomi kuletwa kwetu ni la mzazi aliyezeeka nyumbani: nani amtunze, na vipi? Mwenye kuuliza aghalabu ni yule ambaye tayari amechoka. Mama amepooza upande mmoja, au baba amekuwa msahaulifu hata hamtambui mjukuu wake. Watoto ni watano au sita, huyu yuko Nairobi, yule Dubai, mwingine Uingereza. Lakini anayemwosha mzee, kumlisha na kukesha naye ni mmoja tu. Na mara nyingi huyo mmoja si mtoto wa kuzaliwa, bali ni mkaza mwana.

Tuanze na asili ya jambo. Katika Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameuweka wema kwa wazazi wawili papo baada ya amri ya kumwabudu Yeye peke Yake, akautaja uzee waziwazi, na akakataza hata ile sauti ndogo ya kuchoshwa. Tulizingatie neno «indaka» lililomo humo, yaani «kwako». Anayesemeshwa ni mwana, si mke wa mwana wala mtumishi wa nyumba.

Ndiyo maana wanachuoni wengi wamesema kwamba kumhudumia mkwe si wajibu wa kisharia juu ya mke. Akifanya, ni ihsani, na malipo yake yako kwa Mola wake. Ihsani haidaiwi kama deni, wala mwenye kuitenda hakaripiwi siku nguvu zilipompungukia. Mume anayerudi usiku akauliza kwa nini shuka za mama hazijafuliwa, na ajiulize kwanza yeye amefua ngapi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali hutuma pesa mwisho wa mwezi, akaona ametimiza. Lakini kazi isiyogawanywa huwa dhuluma kwa anayeifanya, na dhuluma hiyo haikawii kumfikia mzee mwenyewe: kwa neno kali, kwa shuka iliyoachwa na mkojo hadi asubuhi, kwa vidonda vya kulalia ubavu mmoja.

Basi tunawanasihi watoto wote, waume kwa wake, wakae kikao kimoja, walio mbali wahudhurie kwa simu, na waafikiane juu ya mambo manne.

La kwanza ni mzee mwenyewe. Maadamu ana akili yake, aulizwe anataka kukaa wapi na kutunzwa na nani. Kumhamisha mzee kutoka Lamu hadi ghorofa ya tatu Mombasa, akakosa jirani, msikiti na baraza aliyoizoea, huenda kukawa ni kumfunga kwa nia njema.

La pili ni mali. Mzazi mwenye mali hutunzwa kwa mali yake. Nyumba ya mama inayotoa kodi ni ya mama. Haiwi urithi maadamu yu hai, na ni kosa kumkosesha mlezi au dawa ili nyumba ibaki salama kwa warithi. Asiye na kitu, matumizi yake katika madhehebu ya Imamu Shafi ni juu ya watoto wenye uwezo. Aliyetimiza miaka 70 na hana pensheni, ulizieni pia mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, nayo inampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali.

La tatu ni kazi yenyewe. Igawanywe kwa siku na kwa saa, na iandikwe. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Stara ichungwe: mama aogeshwe na mwanamke, baba na mwanamume, kadiri iwezekanavyo, na dharura ina hukumu yake. Kuajiri mlezi si aibu, lakini awe anajua kumwinua na kumsafisha mgonjwa, asiwe binti wa kazi anayetwikwa mzee juu ya kupika na kulea watoto. Alipwe kwa wakati, apumzike. Wala mlezi hawaondolei watoto zamu yao ya kuketi na mzazi wao.

La nne ni ibada. Asiyeweza kuzuia mkojo asafishwe, avishwe nepi, atawadhe kwa kila swala ya fardhi baada ya wakati wake kuingia, kisha aswali. Asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali amelala. Aliyeshindwa kufunga kwa uzee atolewe kibaba cha chakula kwa kila siku. Ama aliyepotewa na akili kabisa, hana lawama. Asikaripiwe kwa kusahau rakaa.

Na kabla kikao hakijavunjika, aulizwe yule aliyekuwa akiibeba kazi peke yake: ni lini mara ya mwisho alilala usiku kucha? Jibu lake ndilo litakaloonyesha zamu ya kwanza ni ya nani, na ianze usiku uo huo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia, na atujaalie radhi zao kabla ya mlango huo kufungwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.