Kikombe cha Yakobo



Wapendwa wanaparokia, kila Julai 25 taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Baragumu hulia, mkuki, ngao na sime huwekwa mnarani, shada la maua hufuata, na viongozi wa dini huomba dua na sala. Siku hiyo hiyo Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, na Injili yake ni ile ya mama wa wana wa Zebedayo, aliyemwendea Bwana kuwaombea wanawe viti viwili vya heshima. Bwana aliwauliza vijana habari ya kikombe. Wakajibu kwamba wanaweza kukinywa. Miaka si mingi baadaye Herode alimwua Yakobo kwa upanga, kama Matendo ya Mitume yanavyosimulia. Siku ile mama yake alikuwa wapi, Maandiko hayasemi.

Sisi wa Likombe mama huyo tunaye, tena zaidi ya mmoja. Makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji yapo hapa jirani, Naliendele. Wapo wazee waliotoka nyumbani mwishoni mwa 1978, wakaingia Kampala Aprili 1979. Wapo waliokuwa Zambezia hadi vikosi vyetu vilipoondoka mwaka 1988. Na wenye watoto wadogo wanakumbuka Darfur, Julai 13, 2013, walipouawa walinzi wetu wa amani saba. Na Semuliki huko Kongo, Desemba 7, 2017, walikoanguka wasiopungua kumi na wanne kwa usiku mmoja. Mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilivamiwa, na mwaka uliofuata vijana wetu wakavuka kwenda Cabo Delgado. Basi mtu asituambie kwamba vita ni habari za vitabu vya shule.

Ugomvi wetu juma hili ni juu ya neno moja, neno zuri, ambalo tumelitumia vibaya: shujaa. Ukisha kumwita mtu shujaa, huna haja tena ya kumwuliza amelalaje usiku. Tunamwambia mjane asilie, mumewe ni shujaa. Tunamwambia aliyerudi kwamba mwanajeshi hatikisiki. Kisha tunakwenda zetu tukiwa tumeridhika, kana kwamba tumelipa deni.

Yupo mzee mmoja, naye ameturuhusu kusimulia, aliyetumikia ng'ambo ya Ruvuma. Kwa miaka mingi amelala barazani, mgongo ukutani, uso njiani. Mkewe akiulizwa husema, "Baba anapenda upepo." Fataki za mwaka mpya zikilia, yeye huondoka mapema kwenda shambani, harudi mpaka kesho yake. Majirani walisema amepandwa na jini. Ilitumika fedha kwa waganga, ikatumika nyingine kwenye maombi ya hemani, na hospitali ikawa ya mwisho, huko ndiko walikosema ni kiwewe cha vita na kwamba kina tiba. Vita vile vilimalizwa mezani Roma, Oktoba 4, 1992, kwa usuluhishi wa jumuiya ya Wakatoliki ya Sant'Egidio. Katika nyumba ile havikumalizwa.

Na parokia yake ilifanya nini? Tulimtembelea, tukabariki nyumba, tukamwambia, "Wewe ni shujaa, mzee wetu." Akanyamaza. Tulidhani tumemheshimu. Siku aliyofungua kinywa, adui hakumtaja kabisa. Alimtaja mwenzake aliyembeba mgongoni tangu alfajiri, na alipomtua alimkuta amekwisha kufa. Jambo hilo mkewe hakuwa amelisikia hata mara moja.

Wako watakaotujibu kwamba askari alijua alichokiapia. Alijua, ndiyo. Lakini mtoto wake wa miaka minne hakuapa. Wengine watasema Kanisa lisiingilie mambo ya jeshi. Hatuulizi kikosi kiko wapi wala kinafanya nini. Tunamwuliza mtu aliyeketi benchi la tatu kama amekula. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulimhesabu askari anayetimiza wajibu wake kwa haki kuwa mhudumu wa usalama na uhuru wa mataifa. Mhudumu wa namna hiyo akirudi amejeruhiwa, nani amhudumie?

Na tuseme wazi jambo linalotutia aibu. Bendera haijakunjwa vizuri, kikao cha ukoo kimekwisha kuitwa kugawana mafao. Mjane anaulizwa amezaa wangapi na kama nyumba iko kwa jina la nani. Watu hao hao mchana walilia kaburini kuliko yeye. Sisi wa pande hizi tunajua uzito wa neno la mjomba. Wajomba wa parokia hii watumie uzito huo kumlinda mjane na yatima, wasiutumie kuhesabu mabati.

Yuda Makabayo alipowaokota askari wake waliokufa, alikuta chini ya nguo zao hirizi zilizokatazwa. Hakuwatangaza kuwa wasio na doa, wala hakuwatupa. Alichangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Kisomeni katika jumuiya zenu juma hili, na mwulizane ni nani kati yenu hajawahi kutajiwa marehemu wake wa vitani kwa jina.

Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi, tutakaa katika ukumbi wa parokia pamoja na familia zenye askari, aliye hai au aliyelala, wa dini yoyote. Hotuba hazitakuwapo. Mzee wetu wa barazani amesema atakuja, ila ameomba kiti chake kiwekwe penye ukuta.