Leseni si mwisho wa shule

Wadau, hivi kuna yeyote kati yenu aliyefundishwa udereva baada ya kupata leseni? Sizungumzii kutukanwa na konda wa daladala pale unapochelewa kuondoka kwenye taa. Nazungumzia mtu mzima kukaa kiti cha pembeni, akakutazama unavyoendesha, kisha akakwambia kwa upole wapi pa kurekebisha. Najua jibu. Kwa wengi wetu, siku ya kukabidhiwa leseni ndiyo siku shule inafungwa.

Nimeanza kulifikiria hili kwa sababu ya rafiki yangu niliyemaliza naye Mlimani. Yuko Uingereza, leseni ya kule anayo, lakini sasa anajiandaa kwa mtihani wa udereva wa juu. Hakuna sheria inayomlazimisha. Mtihani wenyewe unatolewa na taasisi iitwayo IAM RoadSmart, iliyoanzishwa mwaka 1956, na unachukua kama saa moja na nusu. Mtahini ni askari wa sasa au mstaafu mwenye cheti cha juu cha udereva cha polisi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni wanaomwandaa. Kila Jumapili asubuhi mzee mmoja mstaafu anaingia kwenye gari la rafiki yangu na kufunga mkanda. Mzee huyo hana breki ya akiba miguuni, na wala halipwi mshahara. Alifaulu mtihani huo huo, akafundishwa namna ya kuelekeza wengine, akajitolea. Wanaitwa waangalizi, na wako katika vikundi vya mitaa nchi nzima.

Wanafundisha nini? Msingi wao ni kitabu cha madereva wa polisi wa kule, Roadcraft, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1955. Kila hatari, iwe kona, makutano au basi lililosimama, unaikabili kwa mpangilio ule ule. Kwanza taarifa: umeona nini, vioo vinasema nini? Halafu nafasi yako barabarani, kisha mwendo, kisha gia, na mwisho ndipo unakanyaga mafuta.

Kuna na hili la kona. Tazama mbele mahali kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Kama pale mahali panakukimbia, kona inafunguka. Kama panakufuata, punguza mwendo haraka. Kanuni ni moja: uweze kusimama upande wako, ndani ya umbali unaouona kuwa ni mweupe. Nalo gari la mbele uliache kwa sekunde mbili, na mvua ikinyesha sekunde nne angalau.

Zoezi gumu kuliko yote, anasema rafiki yangu, ni kuendesha huku unatangaza kama mtangazaji wa mpira: mtoto kushoto, mpira unaweza kumtoroka; lori mbele, sioni kilichoko mbele yake, narudi nyuma. Ukikosa cha kusema, mzee anajua kuwa macho yako yako wazi ila hutazami.

Sasa turudi nyumbani. Kazini kwangu naandika habari za ajali, na ile sentensi yake naijua kwa moyo: chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Tunaichapa, tunasubiri nyingine. Tatizo la neno uzembe ni kwamba linatafuta mkosaji na kufunga jalada. Halitwambii yule dereva alipaswa kujua nini pale alipotaka kulipita lori kwenye mlima, na kama kuna mtu aliwahi kumfundisha. Na wanaokufa ni nani? Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hao ni sisi, jamani. Ni wale tuliokaa nao dawati moja.

Mtasema wenzetu wana barabara nzuri. Sawa, lakini sisi wenye barabara nyembamba za kupishana, malori na bodaboda ndio tunaohitaji zaidi macho ya kusoma mbele. Nao wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo mbinu nyingi hazihitaji hata kugeuzwa.

Mtasema nani atajitolea Bongo hii? Tunao madereva wastaafu wa jeshi, wa serikali, wa mabasi ya mikoani. Kuna mzee aliyepanda na kushuka Kitonga miaka 30, na leo yuko chini ya mwarobaini anacheza bao. Maarifa yake yatazikwa naye. Madereva wa mabasi angalau wana kozi zao, kama pale NIT Mabibo. Sisi wa magari binafsi, tunaotanua na kuchomekea kila jioni, nani atatukalisha chini?

Sisemi hii ni dawa ya kila kitu. Tairi kipara halisikii somo, na mlevi hatakuja darasani. Hata kule Uingereza, wanaojiandikisha kwa hiari huenda ni wale ambao tayari wanajali. Ila kuanza hakuhitaji bajeti ya wizara. Marafiki kumi, wazee wawili, Jumamosi asubuhi, kila mtu na mafuta yake.

Nadhani kikwazo chetu kikubwa siyo fedha. Ni kiburi, hasa sisi wanaume: mwambie mtu hajui siasa atacheka, mwambie hajui kuendesha mtagombana. Basi nakuuliza wewe mwenye leseni mfukoni: ungekubali mzee akae pembeni yako saa moja tu, akutazame, halafu akwambie ukweli?