ONYO LIFIKE KABLA YA DHORUBA

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvuvi wa dagaa aliye katikati ya Ziwa Victoria hayaoni mawingu. Yeye huvua usiku usio na mwezi ili taa yake iwavute samaki. Na ni usiku, hasa kuelekea alfajiri, ambapo dhoruba za ziwani hupata nguvu, kwa maana pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaopotea katika ziwa hilo kila mwaka. Macho ya mvuvi hayatoshi kumlinda. Jicho linaloweza kumsaidia ni rada, na rada ipo Mwanza. Swali letu leo ni moja tu: jambo ambalo rada imeliona humfikia mvuvi huyo baada ya dakika ngapi?

Twauliza hivyo kwa sababu tunapoyasifu maendeleo yetu twapenda kuhesabu mitambo, wala hatuhesabu dakika. Dhoruba inayokwenda kilomita 48 kwa saa hupita kilomita 8 katika dakika 10. Basi picha yenye umri wa dakika 10 humwonyesha mtu mahali dhoruba ilipokuwa, si mahali ilipo. Hilo si onyo, ni historia.

Wala tusidhani kwamba taabu hii ni ya nchi changa peke yake. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliwaonya marubani kwamba picha za rada wanazozitazama ndani ya ndege zaweza kuwa na umri unaozidi ule ulioandikwa juu yake kwa dakika 15 hadi 20. Picha hizo huunganishwa kutoka rada nyingi, na saa inayoandikwa ni ile ya kuunganishwa, si ile ambayo rada iliyaona mawingu. Bodi hiyo ilitaja ajali mbili zilizoua watu. Picha ilikuwapo mbele ya rubani. Kweli yake ilikuwa imekwisha kupita.

Dakika hizo hupotelea wapi? Huanza kupotea kwenye rada yenyewe. Dishi lake huzunguka kwanza karibu na ardhi, kisha huinuka kidogo kidogo, na katika rada za Marekani kazi hiyo yote huchukua kiasi cha dakika 4 hadi 6 wakati wa mvua. Mtambo ukingoja umalize ndipo utume faili zima, habari za upepo wa chini, ambazo ndizo zilizopatikana kwanza na ndizo zinazozamisha mitumbwi, hukaa zikizingoja habari za mawingu ya juu. Kisha faili huingia katika kompyuta ya kituo, hupita katika njia ya mawasiliano, na kufika kwa mpokeaji ambaye pengine huchungulia mara moja tu kila baada ya dakika kadhaa kama kuna jipya. Kila mmoja huchukua dakika zake, na hakuna anayeulizwa.

Wamarekani waliulizana. Zamani data kamili za rada zao ziliwekwa katika kanda na kupelekwa ghalani kwa posta. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Oklahoma na wenzake walianza jaribio la kuzipitisha katika intaneti, wakianza na rada 6 tu. Leo data hutumwa vipande vipande dishi likiwa bado linazunguka, na kompyuta ya mpokeaji hujulishwa mara kipande kinapofika. Kuanzia mwaka 2014 rada hizo ziliwezeshwa kurudi chini katikati ya kazi na kutazama upya karibu na ardhi. Na mwaka 2016 zikaweza kufanya hivyo hadi mara tatu. Tazameni jambo hili vizuri: dakika hizo hazikuokolewa kwa kujenga rada mpya. Ziliokolewa kwa utaratibu.

Wapo watakaosema kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba data isiyosafishwa huleta onyo la uongo, kwa maana rada huona hata milima na makundi ya ndege. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kungoja. Kipande kibichi na kiende upesi kwa mtabiri aliyefunzwa, ambaye ajua kutofautisha mlima na dhoruba. Na picha iliyosafishwa ifuate kwa ajili ya watu wote. Wenzetu waliosema haraka haina baraka ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila picha ya rada inayotolewa kwa umma ionyeshe saa ambayo rada iliona, si saa ambayo picha ilitengenezwa. Pili, dakika zipimwe katika kila hatua, kutoka kwenye dishi hadi mwaloni, na hesabu hiyo itangazwe. Tatu, njia ya mawasiliano iwe na njia ya akiba, maana mvua inayoleta hatari ndiyo hiyo inayokata umeme. Nne, kwa kuwa dhoruba haijui mpaka, Tanzania, Kenya na Uganda zipashane data bila kungoja barua.

Na wanachama nao wana sehemu yao. Haifai dakika zilizookolewa na fundi zipotezwe na kiongozi wa mwalo anayengoja muhuri au idhini ya mkubwa wake. Mlinzi wa mji akimwona adui hupiga baragumu kwanza, na maelezo huyatoa baadaye. Onyo likifika kwenye simu, bendera ipande na watu waitwe.

Rada ni mali ya umma, iliyolipiwa kwa jasho la mkulima, mvuvi na mfanyakazi. Yeye aliyelipa ana haki ya kupata si picha tu, bali picha kwa wakati wake. Wenye dhamana na wazihesabu dakika hizo kuanzia sasa.