Rekodi ya Kwanza Si Wimbo Wenyewe

Redio za Kikamba zikicheza wimbo wa Kakai Kilonzo, mwanamuziki wa benga, ule muziki wa gitaa, haziishi dakika tano kabla msikilizaji hajapiga simu kutangaza kwamba benga ya Wakamba ilizikwa naye mwaka 1987, na kwamba yeyote anayeziimba nyimbo zake leo anaziharibu. Mtangazaji huitikia, kisha hulirudia neno hilo kana kwamba ni habari iliyothibitishwa. Ukishuka Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, utalisikia tena kwenye steji ya bodaboda na ndani ya matatu za kwenda Kibwezi: rekodi ya kwanza ndiyo wimbo, zilizofuata ni makapi. Imani hii imeenea hadi imegeuka adabu, na anayeipinga huonekana amewakosea wazee heshima. Ni imani potofu. Inaudhi zaidi kwa kuwa wanaoishikilia ndio wanaodai kuupenda muziki huo kutushinda sote.

Tuanze na hiyo rekodi yenyewe. Benga ya miaka ya sabini na themanini iliuzwa kwenye sahani ndogo ya inchi saba, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi. Ndiyo sababu wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza maneno yanaimbwa, magitaa yanaanza kupamba moto, kisha sauti inafifia katikati ya mdundo. Unainuka, unageuza sahani, unairudisha sindano mahali pake, na Sehemu ya 2 inaendelea pale ulipoachwa. Nani aliamua wimbo ukatike hapo? Hakuamua Kakai na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, wala Peter Mwambi na Kyanganga Boys, wala akina dada wa Kalambya Sisters waliotupa wimbo wa Katelina. Kiliamua kipande cha plastiki. Bendi hizohizo zikipiga dansi usiku hazikuwa na sahani ya kugeuza. Gitaa la solo lilienda hadi wachezaji walipochoka. Tunachokiita asili ni kipimo cha kiwandani, na watu wazima wanakilinda kama wosia wa marehemu.

Ilikuwa hivyo hivyo kabla ya benga. Mwimbaji wa Unguja Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab, sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha baada ya dakika tatu hivi. Kijiti, wimbo wake juu ya mauaji yaliyoitikisa Unguja, ulilazimika kuingia katika nafasi hiyo. Mwimbaji mwingine wa Unguja, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba katika uzee wake kwa sauti nzito yenye kukwaruza, na kisa kikasikika upya kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Kwa kanuni ya wapiga simu wetu, Bi Kidude angepaswa kunyamaza.

Wimbo wa Malaika ndio unaowaumbua zaidi. Mkenya Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya sitini, kisha akaurudia mwenyewe studioni baadaye. Sasa ipi ndiyo ya kwanza, na ipi ndiyo makapi? Hata mtunzi wake anabishaniwa hadi leo, maana kuna wanaosema ni Mtanzania Adam Salim, kwa hiyo huenda rekodi hiyo ya kwanza nayo ilikuwa ya mtu aliyeimba wimbo wa mwenzake. Miriam Makeba akauimba na Harry Belafonte mwaka 1965, Boney M wakaupeleka kwenye disko mwaka 1981. Ukizisikiliza kwa makini utaona kila mmoja ana chake. Fadhili anashinda kwa maneno: anaimba kwa wepesi, kama kijana anayeona haya kusema kwamba hana kitu. Makeba anayatamka kama mgeni wa Kiswahili, lakini anaivuta pumzi mahali ambapo Fadhili anapita haraka, na huzuni inapata nafasi ya kukaa. Boney M hawakuongeza lolote. Hukumu hizo zinatokana na masikio, na mwaka wa kurekodi hauzisaidii wala kuzizuia.

Wapenzi wa opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, wametutangulia mbali katika jambo hili. Tosca ya Puccini ilionyeshwa mara ya kwanza Roma mwezi wa Januari 1900. Rekodi ambayo wengi wao huiweka juu ya zote ilifanywa Milano mwaka 1953, akiimba Maria Callas, mtu aliyezaliwa opera hiyo ikiwa na miaka 23. Callas huyohuyo aliirudia miaka ya sitini sauti yake ikiwa imechoka, na wanaompenda huziweka rekodi hizo mbili sambamba: hapa noti ya juu inatetereka, pale neno limebeba uchungu zaidi. Wanabishana vikali, lakini wanabishania walichokisikia.

Kuna wanaojitetea kwamba mikwaruzo ya sahani ya zamani ndiyo ladha. Mikwaruzo ni vumbi na sindano iliyochakaa, Kakai hakuiimba. Wengine husema vijana wa leo hutegemea kinanda na kompyuta, na wapo kweli wanaofanya hivyo vibaya, ila ubaya wao hauwezi kumhukumu mpiga gitaa hodari ambaye hajasikilizwa. Na wanaodai kwamba kuurudia wimbo ni mila ya kigeni wamesahau ngui, kiongozi wa uimbaji wa Kikamba, ambaye aliuchukua wathi, yaani wimbo, uleule na kuugeuza kulingana na watu waliosimama mbele yake. Ukambani kulikuwa na nyimbo zenye sura nyingi kabla sahani haijavumbuliwa.

Isitoshe, hao wanaolilia asili ndio wanaoiharibu kila siku. Redioni maneno yakiisha tu, mtangazaji anaanza kusalimu watu juu ya gitaa, na Sehemu ya 2 haifiki kamwe. Vibandani nyimbo hupakiwa kwenye flashi bila jina la mwimbaji, bila bendi, bila mwaka. Dereva ana nyimbo mia tatu na hajui nani anaimba hata moja. Mtu asiyejua anamsikiliza nani amejuaje kwamba wa kwanza alikuwa bora?

Basi watangazaji, chezeni rekodi ya Kakai, kisha palepale mcheze ya kijana aliyeirudia, zote mbili hadi gitaa la mwisho, na mtaje majina ya waimbaji wote wawili kabla ya kupokea simu.