Ankara ya Saa ya Ami

Na Mwana wa Dunda

Wiki hii nimeghadhibika, wala sitaki kuisitiri ghadhabu yangu kwa maneno laini, maana nililolishuhudia Jumanne katika duka moja la saa mjini Dar es Salaam ni dhuluma, na dhuluma haigeuki insafu kwa kuandikwa katika karatasi nzuri.

Ami yangu wa Magomeni ya hapa Bagamoyo, ambaye wasomaji wangu wa siku zote wanamjua kwa ada yake ya kulianza gazeti hili ukurasa wa mwisho na kunifikia mimi akiwa amekwisha kuchoka, anayo saa ya betri ya Uswisi, chuma na dhahabu, aliyoletewa na nduguye kutoka Maskati katika miaka ya 1980, zama ambazo jamaa zetu waliohamia Omani baada ya Sultani Qaboos kushika ufalme mwaka 1970 walikuwa wakija pwani kuwazuru wazee wao, na aghalabu hapakuwa na zawadi ya taadhima kupita saa ya mkono. Binti zake wote wameolewa saa ile ikiwa mkononi mwake. Iliposimama baada ya Ramadhani, tulipanda basi la Makumbusho, tukapita Zinga, Mapinga na Bunju, naye mzee kaifunga katika leso na mkono hautoki mfukoni.

Kijana wa dukani alitupokea kwa adabu, akaamkia, akaitazama saa bila hata kuifungua kifuniko cha nyuma, akatuletea ankara. Saa ipelekwe ng'ambo na ikatiwe bima; mashine yote ing'olewe na kuwekwa nyingine; uso na akrabu zibadilishwe; mwili ung'arishwe, utake usitake, kwa kuwa kazi hizo haziuzwi mbalimbali. Jumla, shilingi milioni tatu na laki mbili, na kungoja miezi sita.

"Na mashine yangu ya zamani nitarudishiwa?" akauliza Ami.

"Hapana, mzee, inabaki kiwandani. Ndiyo sera."

"Sera ya nani, mwanangu, na mali ni yangu?"

Kijana hakuwa na jibu, nami simlaumu, kwa kuwa sera hiyo haikutungwa na yeye.

Saa za namna hii tuliuziwa kwa ahadi. Seiko walipoitoa saa ya kwatsi ya Astron mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo wakati ule, dunia iliambiwa kwamba zama za kupeleka saa kwa fundi kila baada ya miaka michache zimepita: kijiwe cha kwatsi hutetema maelfu ya mara kwa sekunde, sakiti huigawa mitetemo hiyo hata ikabaki pigo moja, koili hulipokea pigo hilo na kuisukuma mota, na mwenye saa hadaiwi ila betri. Waswisi walipata hasara kubwa kwa uvumbuzi huo, wafanyakazi wao wa saa wakapungua kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Nao wakaziunda saa za betri kwa bei ya kifalme, Rolex ikiwamo, iliyoitoa Oysterquartz mwaka 1977 na kuiacha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi nasema Uswisi haikupata kuisamehe saa ya betri. Fahari iliporejea kwenye saa za kujaza ufunguo, hizi zikawa mayatima, na waliozinunua kwa imani ndio wanaotozwa gharama ya uyatima huo.

Alhamisi tuliipeleka kwa fundi wetu hapa Bagamoyo, mwenye meza ya mbao na lenzi ya jichoni. Aliifungua, akainyofoa betri kwa kibano, akatuonyesha kutu ya kijani mahali ilipovujia, akaifuta taratibu kwa brashi, kisha akagusisha ncha za mita yake kwenye koili: mshale haukucheza. Waya wa koili, mwembamba kuliko unywele, umekatika kwa kuliwa na maji ya betri. Magurudumu mazima, kijiwe kizima, sakiti nzima. Kinachotakiwa ni koili moja, na kuifunga ni kazi ya asubuhi moja, lakini kampuni haimuuzii kipuri fundi asiye na idhini yake, na idhini hiyo haijapata kufika huku.

Jahazi lililoundwa Sur, Omani, likipasuka ubao Bagamoyo, mafundi wetu wa pwani hulivuta mchangani na kulitia ubao mpya, na hapana nahodha aliyepata kuandikiwa kutoka Omani kwamba chombo chake kimeharamishwa. Kwa nini saa iwe na sheria nyingine?

Najua hujja yao: wanalinda ubora, wanazuia bandia. Kinyume chake ndicho kweli. Anayenyimwa kipuri halisi husukumwa kwenye kipuri bandia, na aliyeandikiwa milioni tatu kwa koili moja huishia Kariakoo kununua saa yenye jina lilelile kwa elfu thelathini. Tume ya Ushindani huwasaka wauza bandia na kuziteketeza bidhaa zao. Nawaomba maofisa wake, safari moja tu, wapite pia mlango wa duka lenye vioo, wadai kuonyeshwa sera inayomzuia fundi wa Bagamoyo kununua koili kwa fedha yake, na wamuulize mwenye duka ni sheria ipi ya Tanzania inayompa mamlaka ya kubaki na mashine ya Ami.